Povu Lililoiva Halina Kelele

Kidoti akitoka shule hakupitia mlango wa nyumbani. Alipitia mlango wa duka, kwa sababu nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe alikuwa bibi yake. Wageni wakimwona mwanamke mwenye miwani ameshika wembe, walisita kidogo pale mlangoni. Wenyeji hawakusita hata kidogo. Walimwita Mama Wembe, na walisema mkono wake ni mwepesi kiasi kwamba mtu anaweza kunyolewa huku anakoroma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Weka mkoba, nawa mikono, halafu uje tuone kama na leo utaoga povu."

Wateja waliokaa kwenye benchi walicheka, maana utani huo waliujua. Vinyozi wengine wa mtaa ule walitumia povu la kopo, lile la kubonyeza likatoka tayari. Bibi hakulitaka. Alikuwa na kipande cha sabuni ya kunyolea, bakuli la bati, na brashi ya marehemu Babu, ambayo mpini wake wa mti ulikuwa umelika pale dole gumba linapokaa. "Siku utakapopindua bakuli juu ya kichwa chako na povu lisidondoke," Bibi alikuwa amemwambia Kidoti, "brashi hii itakuwa yako." Kidoti aliitaka brashi ile kuliko kitu chochote duniani. Tangu siku hiyo alikuwa amerowa kichwa mara kumi na moja.

Ukiitazama kazi yenyewe ungesema hata mtoto mchanga anaiweza. Unailoweka brashi kwenye maji ya moto hadi manyoya yalainike, unaikung'uta, unaizungusha juu ya sabuni mpaka ishibe. Kisha unahamia kwenye bakuli, unazungusha tena, na unaongeza maji tone kwa tone. Hapo kwenye tone ndipo Kidoti alipokwama. Povu likikawia alimimina maji, na akimimina maji likawa uji.

"Tumia masikio," Bibi alimwambia. "Povu bichi lina kelele, chwa-chwa-chwa, kama mtu anayetembea kwenye tope. Likiiva linanyamaza. Ukisikia kimya, pumzisha mkono. Na jambo jingine usilisahau: bakuli hili linajua vitu viwili tu, sabuni hii na maji. Kitu cha tatu kisiingie."

"Sawa, Bibi," Kidoti alijibu. Lakini kimya hicho hakuwahi kukisikia.

Ijumaa jioni Kidoti alikuwa uani akianika mataulo ya duka pamoja na binamu yake. Binamu huyu alikuwa binti wa shangazi yake, mwenye umri wa miaka kumi na minne, na mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu aliongea bila kukoma na hakuwa na mahali pa kumzimia. Wawili hao walilelewa nyumba moja. Walilala kitanda kimoja, waliugua surua wiki moja, na hapakuwa na siri ya Kidoti ambayo Redio hakuijua.

"Jana tena nimeona nywele zako zimelowa," Redio alisema huku akibana taulo kwenye kamba. "Utaota uyoga kichwani, wewe."

"Halitaki kusimama, Dada. Nimechoka."

Redio alitazama huku na huku. "Nikikupa dawa, utafunga mdomo?"

"Dawa gani?"

"Sabuni ya unga, hii hii ya kufulia mataulo. Unatia nusu kijiko cha chai, usizidishe. Maji yawe ya uvuguvugu ili punje ziyeyuke zote. Litasimama mpaka ulichoke."

"Bibi alisema kitu cha tatu kisiingie."

"Bibi alisema, Bibi alisema! Hiyo sabuni si ya kusafishia? Itamdhuru nani? Ni mimi na wewe tu, mdogo wangu. Nikimwambia mtu, ulimi wangu ukatike."

Kidoti aliufikiria ulimi ule, jinsi ulivyokuwa mrefu, akacheka. Moyoni alijua kwamba jambo lenyewe si zuri. Lakini aliyelisema alikuwa Redio, na Redio hakuwa mtu wa kumtilia shaka.

Jumamosi asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Mzee Tarumbeta. Alipiga tarumbeta katika bendi ya wafanyakazi wa reli, na mchana wa siku ile bendi ilikuwa na onyesho kwenye bustani ya mji. Aliingia na sanduku la tarumbeta mkononi, akaliweka chini ya benchi taratibu kama anayelaza mtoto.

Kidoti alikwenda nyuma na bakuli, akasema anafuata maji. Alitia nusu kijiko cha sabuni ya unga kwenye maji ya uvuguvugu, akakoroga hadi punje zikayeyuka, kisha akarudi dukani na kuanza kuzungusha brashi. Povu lilipanda haraka, jeupe, limevimba hadi likapita ukingo wa bakuli. Likawa linalia chwa-chwa-chwa. Kidoti aliisikia sauti ile vizuri sana. Bibi hakuisikia, kwa kuwa wateja wawili kwenye benchi walikuwa wakigombana kuhusu mpira, na mmoja wao alikuwa amesimama kuonyesha jinsi penalti ilivyopigwa.

Kidoti akapindua bakuli juu ya kichwa chake. Halikudondoka hata tone.

"Haya, makofi!" alisema yule wa penalti, na benchi zima likapiga makofi.

Bibi aligeuka, akatabasamu mpaka miwani ikapanda. "Umeliivisha kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Bibi."

Alijibu haraka, akafuta ukingo wa bakuli kwa kidole.

"Basi leo utampaka Mzee Tarumbeta wewe mwenyewe."

Mzee Tarumbeta alikaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa nyuma. "Leo nina fundi mpya! Haya, binti, uso wangu na shingo yangu nimekukabidhi." Kisha akafumba macho. Hakungoja kuona brashi wala bakuli. Aliyafumba tu, kama alivyozoea.

Kidoti alimpaka mashavu, kidevu, na juu ya mdomo. Mzee alikunja pua. "Linachoma kidogo leo," alisema, "au ngozi yangu ndiyo imezeeka." Bibi alitoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akapitisha mara ya kwanza, akapitisha mara ya pili, halafu mkono wake ukasimama. Pale povu lilipotoka, ngozi ilikuwa nyekundu. Bibi alichukua povu kidogo, akalisugua katikati ya vidole, akalinusa. Mara alikuwa amekwisha shika ndoo ya maji safi na anamwosha mzee uso, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mdomo wa juu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Nani ametia nini humu?" aliuliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha.

Wateja kwenye benchi wakaacha ugomvi wao wa mpira. Kidoti aliweka bakuli chini. Alimtafuta Redio kwa macho. Redio alikuwa amesimama mlangoni na mataulo makavu mikononi, na Kidoti alitaka tu amtazame, amwonyeshe kwa jicho kwamba wapo wawili.

"Bibi, mimi nilimwona," alisema Redio. "Nilikuwa hapa hapa mlangoni. Ni Kidoti. Ametia sabuni ya unga."

Shuleni Kidoti alikuwa amefundishwa kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aliitungia sentensi, mwalimu akampa alama zote. Leo ndipo alipoielewa methali ile, nayo iliuma. Mdomo ule ule uliomnong'oneza jana kwenye kamba ya mataulo ndio uliokuwa ukimshitaki mbele ya watu.

"Dada! Si wewe uliyenifundisha?"

"Mimi? Mimi najua nini kuhusu mapovu yenu? Usinitie kwenye mambo yako."

Kidoti alitazama nyuso za wateja, akaona kwamba wamemwamini Redio. Ungemwamini nani, msichana aliyeshika mataulo safi au yule mwenye povu mpaka kwenye viwiko? Machozi yalimtoka, akalia kwa kwikwi bila kujificha.

"Nataka kujua nguvu ya kitu kilichomchoma huyu mzee," Bibi alisema. "Kidoti, umetia kiasi gani?"

Kidoti alijaribu kusema, kwikwi zikamzuia. Dukani pakawa kimya, na Redio alikuwa mtu asiyeweza kuacha kimya kikae bila kukijaza.

"Ni kidogo tu, Bibi. Nusu kijiko cha chai, kwenye maji ya uvuguvugu ili punje ziyeyuke zote."

Bibi alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya aproni yake polepole, akaivaa tena, kisha akamtazama Redio.

"Kutoka hapo mlangoni umeona hata uvuguvugu wa maji? Macho yako yana kipimajoto?"

Redio alishika mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema yule wa penalti, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mzee Tarumbeta aliondoka na taulo lenye maji baridi usoni. Mlangoni alisimama, akabana midomo yake kujaribu kama ingeweza kupuliza. Haikuweza. Aliinama, akachukua sanduku lake, akaenda zake. Mchana ule bendi ilipiga bila yeye.

Kidoti alikuwa akingoja afurahi. Redio amekamatwa, watu wote wamejua ukweli, na yeye hakuonekana tena mwongo peke yake. Lakini furaha haikuja. Moyo wake ulibaki mzito vile vile. Bibi alifunga mlango wa duka, akawaketisha wote wawili kwenye benchi.

"Redio, wewe nakuja kwako. Kidoti, ulipopindua bakuli nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama nimeliivisha kwa mkono wangu."

"Ukanijibu nini?"

"Ndiyo."

"Sabuni ya unga ulifundishwa na binamu yako. Hiyo 'ndiyo' ulifundishwa na nani?"

Kidoti aliinamisha kichwa. Hakukuwa na mtu wa kumtaja.

Bibi alimgeukia Redio. "Na wewe, kwa nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza Redio kutafuta maneno na kuyakosa. "Mwaka jana nilijaribu mimi kuivisha povu, likanimwagikia nikaacha," alisema mwishoni. "Nilitaka kuona kama Bibi atatambua. Sikujua kwamba litamchoma mtu. Mzee alipovimba mdomo niliogopa. Nikaona bora nitangulie kusema kabla sijasemwa."

"Ukamtupa mwenzio ili uokoke wewe." Bibi aliiosha brashi ya Babu kwenye maji safi, tena na tena, akaining'iniza kwenye msumari manyoya yakiwa chini. "Brashi hii sikupi mimi tena, Kidoti. Atakupa yule aliyefumba macho, siku atakapoyafumba tena mbele yako. Asipoyafumba, itabaki hapa msumarini. Na kesho mtakwenda kwake wote wawili kwa miguu yenu."

Jumapili walikwenda. Walitembea pande mbili za njia, kila mmoja na upande wake. Mzee Tarumbeta aliwafungulia mwenyewe. Uso wake ulikuwa na vipele, mdomo bado umevimba, na sanduku la tarumbeta lilikuwa mezani, limefungwa. Waliomba msamaha, kwanza Kidoti, kisha Redio, ambaye alieleza yake yote bila kuacha kitu.

"Uso utapona," alisema mzee. "Ngozi ni ngozi. Na mwisho wa mwezi ndiyo siku yangu ya kuagwa kazini, pale bustanini, Mungu akipenda nitapiga siku hiyo." Aliweka mkono juu ya sanduku. "Ila nilifumba macho, binti. Miaka kumi na minane nimeyafumba kwenye kiti kile."

Hakuwakaripia. Kidoti alirudi nyumbani na sentensi ile masikioni. Tangu jana alikuwa akimwona Redio kuwa ndiye msaliti peke yake duniani. Sasa aliona kwamba uchungu alioupata pale Redio aliposema "nilimwona" ndio ule ule aliompa mzee yule kwenye kiti. Na yeye pia alikuwa ameaminiwa kwa macho yaliyofumbwa.

Siku tisa Kidoti hakuzungumza na Redio ila ya lazima, kama "sogea" na "nipe chumvi". Kila jioni aliketi uani na bakuli na brashi ya kujifunzia, ya bei nafuu, ambayo ilimwaga manyoya. Alikung'uta, alizungusha, akaongeza tone moja, akazungusha tena. Mkono ulipouma alibadilisha mkono. Hakumimina maji tena, hata pale lilipomkasirisha.

Siku ya kumi alikuwa akizungusha, chwa-chwa-chwa, mara sauti ikapungua. Ikawa nyembamba, kisha haikuwapo. Brashi ilikuwa ikizunguka kwenye povu zito, laini kama siagi, bila kutoa hata mlio. Kidoti aliushika mkono wake usije ukaharibu. Alifumba macho, akapindua bakuli juu ya kichwa. Lilibaki humo humo.

Alipofungua macho, Redio alikuwa amesimama mbele yake na mkono ameunyoosha, shati limepandishwa hadi kiwiko.

"Lijaribu kwangu," alisema. "Likichoma, lichome mimi."

Kidoti alishusha bakuli kutoka kichwani. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini mkono ule ulikuwa umenyooshwa bila maneno mengi, na kwa Redio hilo halikuwa jambo dogo. Akachovya brashi, akampaka. Walikaa wakingoja. Ngozi haikuwasha.

"Nilikuumiza," alisema Redio.

"Uliniumiza sana, Dada," alijibu Kidoti. "Sijasahau bado."

"Najua."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, mlango wa duka ulifunguka na Mzee Tarumbeta akaingia, sanduku mkononi. Uso ulikuwa umepona, ila ndevu zilikuwa zimeota vibaya, maana kwa wiki zile zote hakuwa amenyolewa popote. Alikaa kwenye kiti, akaegemeza kichwa. Macho yake yalibaki wazi, yakimfuata Kidoti kwenye kioo.

Kidoti aliyaona. Aliloweka brashi yake ya kujifunzia mbele ya mzee, akaikung'uta, akaizungusha kwenye sabuni mzee anaona, akaongeza maji tone kwa tone. Duka zima lilikuwa likisikiliza bakuli, hata wa penalti. Sauti ilipotea. Kisha Kidoti akapandisha mkono wa shati lake, akajipaka povu mwenyewe, akasimama akitazama saa ya ukutani hadi dakika tano zikaisha. Akajisuuza, akamwonyesha mzee ngozi yake.

"Niko tayari, Mzee, kama na wewe uko tayari."

Mzee Tarumbeta alifumba jicho moja. Lingine aliliacha wazi, na benchi likaanza kucheka. Kidoti hakucheka. Alipitisha brashi kwenye shavu la kwanza, taratibu, kwa mzunguko mdogo mdogo. Alipofika juu ya mdomo, pale palipovimba, alipunguza mwendo, akapaka kwa ncha ya brashi. Alipotazama tena, macho yote mawili yalikuwa yamefumbwa.

Bibi alimnyoa hadi uso ukang'aa. Mzee alipotoka, Bibi alichukua brashi ya Babu msumarini, akaiweka kwenye kiganja cha Kidoti. Dole gumba lake lilikaa pale mpini ulipolika, ingawa palikuwa papana kwake.

"Sikilizeni, wajukuu zangu, wote wawili," alisema. "Mtu anayekupa shingo yake na kufumba macho amekupa amana. Anayekuambia siri yake amekupa amana. Kuivunja ni kazi ya dakika moja, hata nusu kijiko cha chai kinatosha. Kuirudisha ni kazi ya tone kwa tone, na mkono utauma. Anayekufundisha njia ya mkato ana kosa lake, lakini anayeipita ni wewe, kwa miguu yako. Basi mkikosa, semeni wenyewe na mseme lenu, si la mwenzenu."

"Tumesikia, Bibi," walijibu kwa pamoja.

Mchana walikuwa uani wakianika mataulo, safari hii kwenye kamba moja, wakati sauti ya tarumbeta ilipotokea upande wa bustani. Ilipanda juu, safi, bila kukwama popote. Redio alifungua mdomo kusema jambo. Kidoti akamtazama. Redio akaufunga, na wakasikiliza mpaka wimbo ukaisha.